Nakumatt na Maana Mbili za Kukopa

Wakazi wa Kisauni, Likoni na Changamwe wangali wakiitaja Nakumatt kwa sauti ya mtu amtajaye jirani aliyehama bila kuaga. Duka hilo kuu, ambalo jina lake ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya magodoro ya Nakuru, liliwahi kuwa na matawi zaidi ya 60 nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Hapa Mombasa tawi moja lilijulikana kwa jina la Likoni, na jingine lilikuwa City Mall, Nyali. Wengi hulikumbuka kwa wingi wa bidhaa. Mimi nadhani walipenda zaidi ule uhuru wa kuingia, kushika, kutazama na kutoka mikono mitupu pasipo kuulizwa, "Wataka nini?" Kwa mwanafunzi asiye na senti mfukoni, hiyo ilikuwa heshima ya aina yake.

Kufikia mwaka wa 2017 rafu zilikuwa tupu. Januari 2018 mahakama iliiweka kampuni chini ya msimamizi, na tarehe 7 Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Matawi 6 ya mwisho yaliuziwa Naivas. Wapo wanaolaumu shambulio la Westgate la Septemba 2013, lililoangamiza mojawapo ya matawi yake makubwa. Hasara hiyo ilikuwa kubwa, lakini haitoshi kueleza mauti ya mtandao mzima.

Tukitazame kitenzi "kopa". Kamusi zetu hukipa maana mbili: kuchukua kitu kwa ahadi ya kulipa, na kuhadaa. Wahenga hawakuona umbali mkubwa kati ya maana hizo. Supamaketi huletewa unga na maziwa kwa mkopo, huviuza kwa pesa taslimu siku iyo hiyo, kisha humlipa aliyeleta baada ya wiki au miezi. Pesa zilizo baina ya siku hizo mbili si zake, ila huweza kuzitumia kana kwamba ni zake, hata kufungulia tawi jipya. Tawi lisipouza vya kutosha, malipo huchelewa, aliyecheleweshwa huacha kuleta bidhaa, rafu hukauka, mnunuzi naye huenda kwingine. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Hebu sasa tulilinganishe na duka la mtaani, pale Magongo au Bombolulu. Huko mkopo huenda upande wa pili. Mama husema, "Niandikie," na mwenye duka huandika kwenye daftari lililochakaa: mchele, mafuta, sabuni. Anamjua mdeni wake, anajua mume hulipwa lini, na akishuku hukataa papo hapo. Duka hilo ni dogo, lina joto, bei yake aghalabu ni ya juu, na mwenyewe si malaika. Lakini Nakumatt ilipozama, lilikuwa lingali wazi.

Wala isidhaniwe kwamba lawama ni ya kampuni moja. Uchumi, iliyoasisiwa mwaka wa 1975 ili mwananchi apate bidhaa kwa bei nafuu, ilifunga milango Juni 2006, ikafunguliwa mwezi uliofuata, kisha ikadhoofika tena. Tuskys iliporomoka kuanzia mwaka wa 2020. Zote zilielemewa na madeni ya waliozipelekea bidhaa.

Mwalimu wa somo la biashara angeweza kuwauliza wanafunzi wake swali hili: kampuni ikifilisiwa, nani hulipwa kwanza? Benki yenye dhamana hutangulia. Mwenye kiwanda kidogo aliyepeleka mali bila dhamana yoyote husimama mwisho wa foleni, na mara nyingi foleni huisha kabla hajafikiwa. Nyuma yake kabisa yupo mnunuzi aliyekuwa akikusanya alama katika kadi ya Nakumatt, akingoja zitimie apewe zawadi. Hata yeye, pasipo kujua, alikuwa amekopwa.