Naiti Mezani: Mchezo Unaopima Uungwana wa Vijana Wetu

Likizo ya shule inapofika, mama mwenye vijana wa miaka 12 na kuendelea hujiuliza swali lile lile: jioni watashughulika na nini? Karata huchosha, na televisheni haimfundishi mtu kuzungumza. Mwezi huu tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu juu ya mchezo wa mdomo, karatasi na penseli, ambao mama mwenyewe anaweza kuuongoza baada ya chakula cha jioni.

Mchezo huo unaitwa Pendragon. Ulitungwa na Mmarekani Greg Stafford, ukatolewa na kampuni ya Chaosium mwaka 1985. Unatokana na hadithi za Mfalme Arthur wa Uingereza na naiti wake, yaani mashujaa wapanda farasi waliokula kiapo cha utii kwa bwana wao. Hadithi hizo zilikusanywa na Thomas Malory katika kitabu kilichochapwa mwaka 1485, na Stafford alikitegemea sana.

Unavyochezwa

Vijana watatu au wanne huketi mezani, kila mmoja na naiti wake aliyeandikwa kwenye karatasi. Mama ndiye mwongozaji. Anaeleza: "Umefika lango la ngome usiku. Mlinzi anauliza wewe ni nani. Unamjibuje?" Kijana hujibu kwa kinywa cha naiti wake. Watu wengine wote, tangu mfalme hadi mtunza farasi, husemewa na mama.

Mambo yenye mashaka huamuliwa kwa dadu la pande 20. Kama hamnalo, andikeni namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, vikunjeni na kuvitia katika kopo. Mtoto achomoe kimoja, kisha akirudishe.

Tulichokipenda zaidi ni kwamba tabia ya naiti nayo huandikwa kwa namba, kama nguvu zake. Ziko jozi 13 za tabia zinazopingana: ukweli na uongo, ukarimu na uchoyo, huruma na ukatili, unyenyekevu na majivuno, na kadhalika. Kila jozi jumla yake ni 20. Ukweli ukiwa 13, uongo ni 7. Mmoja akipanda, mwenzake hushuka.

Fitina barazani

Mashindano ya upanga huwafurahisha vijana, lakini utamu wa mchezo huu uko katika baraza la mfalme, mahali pa minong'ono, zawadi na njama. Tutoe mfano.

Tuseme kuna mjane ambaye jirani yake, bwana mkubwa, anataka kumnyang'anya shamba. Naiti wa kijana wako alishuhudia mipaka ikiwekwa. Usiku wa karamu, yule bwana anamvuta kando: "Kesho ukinyamaza, farasi wangu mweusi ni wako."

Kijana anachomoa kikaratasi kupima ukweli, ambao ni 13. Anapata 16. Amezidisha, kwa hiyo ukweli haukumshika. Anachomoa tena kupima uongo, ambao ni 7. Anapata 12. Uongo nao haukumshika. Hapo kanuni inasema kijana mwenyewe aamue. Ndugu zake wanamtazama. Tuseme ananyamaza, na farasi anampata.

Je, mama amkemee? Hapana. Hadithi na iendelee. Mjane anafukuzwa shambani. Uongo wa naiti unawekewa alama, na mwisho wa mwaka atachomoa tena. Akipata zaidi ya 7, uongo wake unapanda kuwa 8 na ukweli unashuka kuwa 12. Safari ijayo kusema kweli kutakuwa kugumu zaidi. Ni watoto wachache watakaosahau somo hilo wakiliona kwa namba zao wenyewe.

Deni la watoto

Kwa kawaida kila kikao cha mchezo ni kama mwaka mmoja. Majira ya baridi naiti hurudi nyumbani, na familia yake huhesabiwa: nani kazaliwa, nani kafariki, farasi yupi amekufa. Akifika miaka 35 anaanza kuzeeka na nguvu zinaweza kupungua. Akifa, kijana huendelea na mrithi wake, mara nyingi mwana wa naiti huyo. Kitabu cha mfululizo mrefu wa mchezo huu, kilichotolewa mwaka 2006, kinaanzia mwaka 485 na kwenda miaka 80 hivi. Naiti mmoja hawezi kuumaliza.

Hapo ndipo mama mwongozaji atunze daftari. Aandike kila kiapo, kila fadhila na kila dhuluma. Miaka 15 ikipita mezani, mwana wa yule mjane anaweza kuwa mshauri wa mfalme, na mwana wa naiti wetu akaja kumwomba msaada. Nani atamweleza kijana kwa nini mlango umefungwa? Anajua mwenyewe.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, usimchagulie mtoto. Mwache akosee mezani.

Pili, usimwite mwanao mwongo kwa sababu naiti wake alidanganya. Mwulize tu, mkiosha vyombo: "Ulifikiri nini pale?" Kisha sikiliza.

Tatu, kubalianeni mapema kama naiti wa nyumba moja wanaweza kusalitiana. Kwa ndugu ambao tayari wana ugomvi, tunashauri fitina itoke kwa watu wanaosemewa na mama tu.

Nne, hadithi zenyewe zina mambo ya watu wazima. Malkia Guinevere na Lancelot walimsaliti mfalme, Agravain na Mordred wakaifichua siri hiyo, na ufalme ukavunjika. Mama apime umri wa watoto wake.

Tano, ziko habari za uchawi, kama mshauri Merlin, na naiti wengine ni wapagani. Miaka ya 1980 huko Marekani wazazi wengi Wakristo waliiogopa michezo ya namna hii, hasa ule wa Dungeons & Dragons uliotolewa mwaka 1974. Katika mchezo huu mwongozaji ndiye anayeamua kinachoingia hadithini. Usichokitaka nyumbani mwako, usikitaje.

Akina mama wenzetu, hakuna haja ya kuanza na vita vikubwa. Anzeni na ngome moja, karamu moja na mjane mmoja mwenye shamba. Kesho yake mtashangaa kuwasikia vijana jikoni wakibishana kama yule naiti alistahili kunyamaza.