Mashindano ya Udongo na Miti

Ndugu wanachama,

Mwaka 1979, huko Pennsylvania, Marekani, bodi za kuhifadhi udongo, ambazo wakulima ni miongoni mwa wajumbe wake, zilianzisha mashindano ya wanafunzi wa sekondari. Leo yaitwa Envirothon, na Kanada pia imo. Timu ni vijana watano. Huulizwa udongo, misitu, maji na wanyama, tena huko huko nje: hushuka shimoni wakapima udongo kwa mikono yao. Kisha hutoa shauri lao mbele ya waamuzi.

Mvua yachukua udongo wetu wa vilimani, na watoto wetu wajua kuchuma karafuu tu. Tusingoje skuli. Mkutano ujao nitauliza: nani atatoa shamba lichimbwe shimo? La kwangu nimekwisha litoa.

Wassalaam,
Katibu