Viatu Vikuukuu Ndani ya Sufuria

Jioni moja mama mmoja wa shirika letu alifika kwetu, amejitwika sufuria kichwani kama mtu atokaye kisimani. Aliitua mbele ya mlango, akafunua kifuniko, nasi tukaona chini yake utando mweusi, mgumu, ulioshikamana na chuma kama lami. "Bwana Mwalimu," akasema, "mtoto ananiambia ya kuwa maarifa haya aliyapata kwako." Twakiri kwamba alisema kweli.

Darasani tulikuwa tumefundisha habari za vitu viyeyukavyo: barafu, nta, bati, risasi. Mvulana mmoja akauliza kama mpira nao huyeyuka. Kengele ilikuwa karibu kulia, nasi tukajibu kwa haraka kwamba mpira wa gurudumu hauyeyuki, lakini mpira wa nyayo za viatu vingi vya siku hizi huyeyuka, na viwandani husubiwa katika kalibu. Hatukuongeza neno.

Basi mvulana huyo ana kaka asukumaye baisikeli ya mizigo kati ya Kasongo na Kabambare. Wasomaji wa huku kwetu wanazijua baisikeli hizo: magunia ya mchele na madumu ya mawese huenda upande mmoja, chumvi, sabuni na vitenge hurudi upande wa pili, na mwenyewe hapandi kabisa, husukuma tu kwa siku kadhaa, katika matope na milima. Mishikio ya mpira huisha upesi, kisha chuma huchubua viganja. Kijana alimhurumia kaka yake. Akachonga kalibu ya mti, vipande viwili vyenye umbo la mshikio, akaokota viatu vikuukuu jalalani, akavikatakata na kuvitia katika sufuria ya mama yake juu ya mbabula. Mlango aliufunga ili asionekane. Hakukumbuka kwamba mdogo wake mchanga alikuwa amelala mle mle ndani.

Moshi ulianza kuwa mweupe, ukageuka mweusi. Mama aliporudi kutoka shambani aliwakuta wote wawili nje, kijana akitokwa na machozi, mtoto mikononi mwake akikohoa. Alikohoa siku mbili. Ashukuriwe Mungu, alipona.

Tulimwomba mama radhi. Na sasa tunaandika yale tuliyopaswa kuyasema darasani siku ile, kengele ilie isilie.

Mpira wa kwanza ulimwenguni ni utomvu wa miti na mitambaazi. Misitu ya Kongo ilikuwa na mitambaazi hiyo kwa wingi, na wazee wetu walijua uchungu wake wakati wa serikali ya mfalme Leopold wa Pili, tangu 1885 hata 1908, watu walipolazimishwa kuutafuta mpira kwa mjeledi na bunduki. Utomvu huo ukikaushwa bila dawa yo yote, hulainika na kunata wakati wa joto, na wakati wa baridi hukakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aligundua kwamba mpira ukichanganywa na kiberiti cha unga na kupashwa moto haunati tena. Mwaka 1844 akapata hati ya uvumbuzi wake. Mnamo 1888 John Dunlop alitengeneza gurudumu la upepo, na tangu hapo haja ya mpira ikazidi sana, na taabu ya watu wa misitu yetu ikazidi pamoja nayo.

Kiberiti hufanya nini? Fikirini mpira kuwa ni nyuzi ndefu zilizovurugana. Kiberiti huzifunga nyuzi hizo moja kwa moja, kama fundi afungavyo mafundo ya wavu. Nyuzi zilizo mbali mbali zaweza kuteleza na kutiririka, wavu hautiririki. Ndiyo sababu gurudumu kuukuu, hata ukizidisha moto namna gani, haliyeyuki: linaungua tu.

Mpira wa namna ya pili ni mtoto wa juzi. Katika miaka ya 1960 wanakemia walifaulu kutengeneza nyuzi zenye tumbo laini na ncha ngumu. Ncha hizo hukusanyika na kushikamana, zikawa ndiyo mafundo. Lakini ni mafundo yaliyogandishwa kama kwa nta, hayakufungwa kabisa. Joto huyalegeza, baridi huyakaza tena. Kwa hiyo mpira huo waweza kuyeyushwa na kusubiwa tena na tena. Kampuni ya Shell iliuleta sokoni mnamo 1965, na leo umo katika nyayo za viatu, vipini vya miswaki na vitu vingine vingi.

Mbona basi kijana wetu hakufaulu? Kwanza, mpira huo uliyeyuka haumiminiki kama maji. Ni mzito kuliko asali. Viwandani huyeyushwa ndani ya bomba lililofungwa, mara nyingi kwa joto la nyuzi 150 hadi 200 na zaidi, na parafujo kubwa husukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Mbabula haina kipimo cha joto. Chini ya sufuria mpira huungua huku juu ungali mgumu. Kalibu ya mti nayo ina unyevu, na unyevu ukiguswa na joto kali huwa mvuke, ukafanya mapovu, au hata kurusha matone ya moto usoni.

Pili, na hili ndilo kubwa, viatu si vya namna moja. Malapa mepesi ya povu, nyuzi zake mara nyingi zimefungwa kama za gurudumu, huungua tu. Viatu vingine vya plastiki na mabuti ya mvua mara nyingi ni vya plastiki iitwayo PVC, nayo ikipata moto mkali hutoa hewa ya asidi. Hewa hiyo ikikutana na unyevu wa macho, koo na mapafu, huchoma. Kwa jicho tu ni vigumu kuvitenganisha, na pengine kiatu kimoja kina namna tatu. Akina mama wanaowasha makaa kwa kipande cha ndara au mfuko wa plastiki, nao wanafanya alivyofanya kijana huyu, ila kwa kipimo kidogo, kila asubuhi.

Sufuria ya namna hiyo ikishika moto, isimwagiwe maji. Ifunikwe kwa kifuniko au mchanga, na watu watoke nje. Plastiki ya moto ikimwangukia mtu, ngozi ipozwe kwa maji safi dakika 20, wala plastiki isibanduliwe kwa nguvu, kisha apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Wako watu wafanyao kazi hii vizuri. Huko Lamu, pwani ya Kenya, mafundi walijenga jahazi la plastiki iliyookotwa, jina lake Flipflopi, likashushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri mpaka Unguja. Yapata ndara 30,000 zilitumika kulipamba. Lakini angalieni: ndara hazikumiminwa kuwa mbao. Zilikatwa na kubandikwa ubavuni. Kilichoyeyushwa ni plastiki ya namna nyingine, iliyochaguliwa kwanza, nayo kwa mashine.

Sisi tulirudi kwenye nta. Nta ya nyuki huyeyuka kwa nyuzi 63 hivi, tena si lazima moto uiguse: huwekwa ndani ya kopo, na kopo ndani ya sufuria ya maji, maana maji yachemkayo hayapiti nyuzi 100. Kalibu yetu ni mwanzi uliopasuliwa, ukapakwa mafuta na kufungwa tena, na utambi wa pamba umevutwa katikati. Nta ikipoa hunywea na kuacha shimo juu. Huongezwa kidogo kidogo. Mshumaa wa kwanza wa kijana ulitoka umepinda kama mkia wa mbuzi. Wa nne ulifaa, akautenga kwa ajili ya baraka ya mishumaa, tarehe 2 Februari.

Kuhusu mishikio, fundi wa baisikeli sokoni alicheka tulipomweleza. Akachukua mpira wa ndani wa gurudumu, akaukata ukanda mrefu, akauzungusha kwenye chuma kwa kuuvuta sana, akafunga ncha. Robo saa haikuisha. Kaka mtu ameshakwenda nao Kabambare na kurudi.

Sufuria tumeikwangua kwa mchanga na kwa kisu, lakini haifai tena kupikia. Mpya tumeahidi kuinunua mwisho wa mwezi.