Muhogo, Chumvi na Rovu Ufukoni mwa Tanganyika

Ugali wa muhogo, ndagala na mawese ndicho chakula cha nyumba nyingi za Rumonge. Mama wa nyumbani huweza kudhani kuwa watoto walao samaki kila siku hawapatwi na rovu. Sivyo, samaki wenye madini joto mengi ni wa baharini, si wa maji baridi.

Tena upo muhogo mchungu. Usiporowekwa vyema hubaki na sumu, nalo ini huigeuza iwe hafifu. Mabaki ya kazi hiyo huizuia tezi ya shingoni kunyonya madini joto. Ini huulinda mwili, gharama ikailipa tezi! Katika miaka ya 1960, kisiwani Idjwi katika Ziwa Kivu, waganga walikuta sehemu mbili zenye upungufu ule ule wa madini hayo, lakini moja imezidi mno kwa rovu. Baadaye muhogo ukashukiwa.

Ini pia husaidia kuitia nguvu homoni ya tezi. Kwa hiyo mgonjwa wa saratani ya ini, hata aliyekwisha kupandikizwa ini jipya, akilalamikia uchovu na baridi isiyokwisha, yafaa apimwe tezi pia; zipo dawa za saratani hiyo ziidhoofishazo.

Muhogo mchungu umenywe, urowekwe siku tatu au zaidi, kisha uanikwe juani. Chumvi yenye madini joto ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, na itiwe chakula kikaribiapo kuiva.