Floraidi Isiyotengamaa: Jinsi Florini Ilivyotengwa Bila Umeme

Miongoni mwa elementi zote, hakuna inayovuta elektroni kwa nguvu kuliko florini. Kwa sababu hiyo, ni nadra kuipata ikiwa peke yake. Huwa imeshikamana na elementi nyingine, kama ilivyoshikamana na kalisi katika mawe ya floraspa yaliyochimbwa kwa miaka mingi katika Bonde la Kerio. Kuitenga kuliwagharimu wanakemia afya na uhai. Paulin Louyet wa Ubelgiji ni mmoja wa waliofariki. Hatimaye, mwaka wa 1886, Henri Moissan wa Ufaransa aliitenga kwa kutumia umeme.

Swali lililosalia ni hili: je, florini yaweza kutengwa kwa mmenyuko wa kikemia pekee? Kwa takriban miaka 100 jibu lilielekea kuwa la. Ilidhaniwa kwamba, ili kuipokonya kampaundi florini yake, sharti pawepo elementi inayovuta elektroni kuliko florini yenyewe, nayo haipo.

Mnamo 1986 Karl Christe, akiwa Marekani, alidhihirisha ufa katika hoja hiyo. Hakutafuta kilicho na nguvu kuliko florini. Alitafuta floraidi isiyoweza kuishikilia. Floraidi hiyo ni MnF4, ya manganizi. Kampaundi hii haijatengamaa: hata katika joto la kawaida huvunjika polepole ikawa MnF3, iliyo thabiti zaidi, na gesi ya florini.

Hata hivyo, ndani ya chumvi ya K2MnF6 manganizi hiyohiyo hutulia, kwa kuwa imezungukwa na floraidi sita. Christe aliipasha chumvi hiyo moto pamoja na SbF5, asidi kali ya Lewis, hadi nyuzi 150 hivi za Selsiasi. Mwenye nguvu mpishe: SbF5 ilizitwaa floraidi mbili, MnF4 ikakosa kinga, ikavunjika na kuiachilia florini:

2K2MnF6 + 4SbF5 → 4KSbF6 + 2MnF3 + F2

Ikumbukwe kwamba viambato vyote viwili vyaweza kutayarishwa pasi na gesi ya florini. Kwa hivyo Christe hakutoa tu alichokitia mwenyewe.

Viwandani, florini ingali inazalishwa kwa umeme. Hata hivyo, jaribio hili lafafanua vyema istilahi yenyewe: katika kemia, kutotengamaa si ubovu wa kampaundi, bali ni wepesi wake wa kugeuka, na wepesi huo ndio uliolijibu swali la karne nzima.