Idjwi, Goma na Majira Yasiyoaminika

Mgeni anayetoka Kisangani au Kindu, ambako jasho halikauki mgongoni, hushangaa asubuhi yake ya kwanza Goma akiona motari, dereva wa pikipiki, amevaa koti zito na mama anayeuza chai amejifunga kitenge juu ya sweta. Tuko karibu kabisa na Ikweta, lakini wastani wa joto la mji huu hauendi mbali na nyuzi 19 au 20 za Selsiasi, Januari hadi Desemba. Ukipanda mashua kwenye bandari ya Kituku kuelekea kisiwa cha Idjwi, hali ya hewa inazidi kuwa pole. Kiserikali Idjwi ni sehemu ya Kivu Kusini, ila soko la Goma linakijua kama shamba lake: mananasi, ndizi, maharagwe na kahawa huvuka maji kuja kwetu.

Upole huo una sababu zake. Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kimo peke yake kinapunguza joto. Kisha kuna maji yenyewe, karibu kilomita za mraba 2,400, yenye kina kinachofika mita 485 hivi. Mchana maji hunywa joto la jua polepole, usiku huliachia polepole, kwa hiyo kisiwa kilichozungukwa nayo hakiungui wala hakigandi. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, hewa baridi ikateremka kutoka milimani pande zote mbili na kukutana juu ya maji. Hapo hewa yenye unyevu hupanda na kuwa mawingu, na ndiyo maana dhoruba nyingi za maziwa yetu makubwa huja usiku, mvuvi akiwa katikati ya kazi.

Watu wa pande hizi wamepanga maisha yao juu ya mwenendo huo wa upepo na mvua. Jioni, wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu inayojitokeza mbele na nyuma kama pembe. Hupiga kasia kwa wimbo, kwa sababu bila wimbo mikono haiendi pamoja, na mitumbwi mitatu isiyokwenda pamoja huzunguka mahali pamoja. Taa zikiwashwa samaki hukusanyika chini ya mwanga, wavu ukainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu ya kuvuta samaki, basi zile ni siku za kushona nyavu na kushughulikia mambo ya nyumbani. Alfajiri wanawake wanasubiri ufukweni na mabeseni. Faida ya beseni hilo ndiyo inayolipa karo ya shule, na ndiyo inayoingia kwenye likelemba, ule mchango wa zamu ambao mwanamke wa Goma anauheshimu kuliko deni la duka. Usiku mmoja wa mtumbwi mtupu unafika hadi kwenye zamu ya jirani.

Inafaa kukumbuka kwamba sambaza hawakuwa wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Desturi tunayoiona ya kale, na nyimbo zake na miiko yake, imekomaa ndani ya umri wa mtu mmoja. Kwangu hilo ni jambo la kutia moyo: watu wa Kivu wanajua kujifunza mazingira mapya na kuyafanya yao. Wanahitaji tu mazingira hayo yawe na mwenendo unaosomeka.

Na hapo ndipo penye shida. Chini ya mita 60 hivi maji ya Kivu hayachanganyiki na yale ya juu. Huko ndiko kulikofungiwa gesi ya methani na kaboni dayoksaidi. Tabaka la juu nalo linategemea pepo za kiangazi, Juni hadi Agosti, ambazo hulikoroga na kupandisha virutubisho vinavyolisha viumbe wadogo wanaoliwa na sambaza. Kiangazi ambacho watu wa Goma wanakilalamikia kwa vumbi jeusi la volkano ndicho kinacholisha ziwa. Watafiti waliopima maji ya juu ya Kivu walikuta yamepata joto kwa takriban nyuzi 0.12 kila miaka kumi. Tarakimu inaonekana ndogo, na mtu aliyevaa sweta hawezi kuihisi. Lakini maji yenye joto ni mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi bila kutaka kuchanganyika nayo, na upepo uleule unafanya kazi ndogo zaidi. Kwetu mabadiliko ya tabianchi hayaji kwanza kama joto la kutoa jasho. Yanaharibu kwanza ratiba, na mila zetu karibu zote zimeandikwa juu ya ratiba.

Mkulima wa Idjwi ana misimu miwili, A na B. Wa kwanza huanza na mvua za Septemba, wa pili karibu na Februari, Machi. Mvua ikidanganya, ikanyesha wiki mbili kisha ikakata, mbegu ya maharagwe iliyokwisha chipua hunyauka na mama analazimika kununua nyingine sokoni, wakati ambao kila mtu anatafuta mbegu. Kwa Wahavu wa kisiwani jambo hili linagusa mpaka enzi. Idjwi ina maeneo mawili ya kichifu, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, na katika historia ya ufalme wao sherehe kubwa ilikuwa muganuro, malimbuko ya mtama na ulezi. Mwami, yaani mfalme, alionja mazao mapya, na koo mbalimbali zilikuwa na kazi zake katika ibada hiyo. Mwanahistoria David Newbury aliyeandika kuhusu falme na koo za Idjwi ameipa muganuro nafasi kubwa. Naelewa kwa nini. Sherehe ya namna hiyo ni watu wote kukubaliana, mbele ya mkuu wao, kwamba mwaka umetimia kama ulivyoahidi.

Kuna siku ahadi hiyo ilivunjika kabisa. Mei 4, 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi, katika wilaya ya Kalehe, ng'ambo ya maji ukiwa Idjwi. Mvua kali ilishuka kwenye miteremko iliyokwisha vuliwa misitu, mito ikabeba mawe na nyumba. Vijiji vya Nyamukubi na Bushushu vilizolewa. Zaidi ya watu 400 walikufa, wengi zaidi hawakuonekana, na siku zilizofuata maiti zilielea ziwani mpaka kwenye fukwe za Idjwi. Wanawake waliokuwa wamepeleka bidhaa sokoni kama kila Alhamisi hawakurudi. Usiku wa kuamkia Mei 3, upande wa Rwanda, mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 130.

Baadaye wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walijaribu kupima ni kiasi gani mabadiliko ya tabianchi yalichangia mvua ile. Walishindwa, kwa kukosa takwimu. Vituo vya kupimia mvua kuzunguka ziwa hili ni vichache mno. Niliposoma hivyo nilikasirika kuliko nilivyohuzunika. Tuna ziwa ambalo gesi yake imechunguzwa na wageni kwa miongo mingi, tuna volkano inayosikilizwa mchana na usiku, na kweli Nyiragongo inastahili baada ya 1977, 2002 na 2021. Lakini mvua iliyoua Kalehe haikuwa na mtu wa kuipima.

Pa kuanzia papo: kila shule ya kisiwani inaweza kuwa na kopo la kupimia mvua na daftari moja. Mwalimu yupo kisiwani hata vita vikipita. Goma ilipotekwa Januari 2025 na mashua zikasimama, mvua iliendelea kunyesha juu ya Idjwi. Wavuvi nao wanakumbuka usiku gani upepo uligeuka mapema na mwezi gani samaki hawakuja. Wazee wanajua mtama ulivunwa lini mwaka gani. Maofisa wa kilimo na machifu wakiyaandika hayo sasa, kabla wazee hawajaondoka, mkulima wa msimu A ujao atakuwa na kitu cha kushika mkononi anapoamua kama mvua ya Septemba ni ya kupandia au ya kusubiri.