Sura ya Nne: Kichwa cha Ubao

Tuseme kuna ubao wa kahawia umeegemea ukuta wa karakana. Umetoka kwenye kitanda cha zamani kilichovunjwa, au ulikuja ndani ya mzigo mchanganyiko na muuzaji akasema tu kwamba ni mbao ngumu ya bara. Kabla hujaupiga randa, ujue ni wa mti gani. Mninga ukikaushwa hutulia kuliko miti mingi ya rangi hiyo: haupindi ovyo na hauchezi sana mvua zinapoingia. Mvule una vumbi linalowasha ngozi na kubana kifua. Mkongo ukiloana huweza kuacha madoa ya manjano kwenye kitambaa cha meza, na mteja atakurudia wewe, si muuzaji wa mbao.

Wengi huanza na rangi, na rangi ni shahidi mbaya. Mvule uliopasuliwa jana ni wa manjano. Ukikaa kwenye mwanga hugeuka kahawia, na baada ya miaka kadhaa fundi asiye makini atakuapia kwamba ni msaji. Mninga nao hutofautiana mti kwa mti, kuanzia hudhurungi yenye dhahabu hadi wekundu wa matofali. Isitoshe, rangi hupakwa. Vinyago vya mti mwepesi vimepakwa rangi ya viatu vikauzwa kwa watalii kuwa ni mpingo. Mpingo wa kweli una weupe pia, lakini ni ukanda mwembamba wa nje wenye mpaka ulio wazi, na uzito wake hauigiki: ukiutia majini unazama.

Jina la sokoni halitoshi pia. Mti ambao wataalamu huuita Afzelia quanzensis ni mkongo kwa huyu, mbambakofi kwa yule wa pwani, na mkora kwa mwingine. Wote wako sawa. Kwa upande wa pili, mninga na mkurungu ni miti miwili tofauti ya ukoo mmoja, Pterocarpus, na jina la mmoja huvaliwa na mwingine kila bei inapopanda.

Kwa hiyo achana na uso wa ubao, tazama kichwa chake, yaani pale msumeno ulipokata nyuzi kwa kukingama. Msumeno huchana nyuzi na vumbi lake huziba vitundu, basi chukua patasi iliyonolewa vizuri au wembe mpya, ukate kijisehemu cha ukubwa wa ukucha, laini kabisa. Kiloweshe kidogo. Shika lenzi inayokuza mara 10, kama ile ya sonara, uisogeze karibu kabisa na jicho, kisha uulete ubao kwenye lenzi mpaka uone sawasawa. Kazi hii ifanyie nje, kwenye mwanga wa jua.

Uliza kwanza: kuna vitundu? Msonobari na saiprasi haina, kwa kuwa si miti ya mishipa mikubwa ya maji. Hapo tofauti ni ndogo lakini ya uhakika: msonobari una vijidoa vya mifereji ya utomvu vilivyotawanyika, saiprasi hauna. Mbao nyingi za kupaulia kutoka Sao Hill, Mufindi, utazimaliza kwa swali hili moja.

Vitundu vikiwapo, angalia vimekaaje. Msaji hupanga vitundu vikubwa kwa mstari mwanzoni mwa kila msimu wa kukua, hivyo pete zake huonekana hata bila lenzi. Uso wake una mafuta mafuta mkononi na harufu ya ngozi iliyotengenezwa. Mkangazi hutawanya vitundu vyake karibu sawasawa, na ndani ya baadhi yake kuna gundi nyekundu. Kwenye mkongo, kila kitundu kimezungukwa na tishu nyeupe iliyochongoka pande mbili, kama jicho lililofumbuka, na vingine vimejaa unga wa manjano. Unga huo ndio unaochafua kitambaa. Kwenye mvule tishu hiyo nyeupe huungana kutoka kitundu hadi kitundu ikawa mistari ya mawimbi. Ukikuta kijiwe kigumu cheupe kilichovunja meno ya msumeno, kidondoshee siki. Kikitoa mapovu, ni chokaa, na mvule unajulikana kwa vijiwe hivyo.

Mninga unahitaji subira zaidi. Geuza ubao, utazame uso uliopasuliwa ubapa. Kwenye mwanga wa pembeni utaona mistari hafifu sana iliyolala kukingama nyuzi, imebanana safu juu ya safu. Mpingo unayo mistari hiyo, mvule hauna. Kuna na jaribio la maji: loweka maranda ya ubao mkavu kwenye glasi ya maji safi, uiweke juani mbele ya kitu cheusi. Jamii kadhaa za ukoo wa Pterocarpus huyapa maji mng'ao wa buluu. Mti wa ukoo huo kutoka Ufilipino uliwashangaza watu wa Ulaya kwa jambo hilo karne nyingi zilizopita, wakadhani ni dawa ya figo.

Uzito nao usidharauliwe. Kata kipande kikavu cha sentimita 10 kwa 5 kwa 2. Ujazo wake ni sentimita 100 za ujazo. Kipime kwenye mizani ya jikoni. Gramu 65 ni sawa na kilo 650 kwa mita ya ujazo, na hapo ndipo mninga, mvule na msaji hukutana, kwa hiyo mizani haitaitenganisha mitatu hiyo. Ila itakwambia upesi kama ulichonacho ni mkongo, ambao hukaribia kilo 800, au mpingo unaopita 1,000. Ubao mbichi hudanganya mizani, usiupime.

Lenzi ina mpaka wake. Mara nyingi itakufikisha kwenye ukoo wa mti, si kwenye jamii yenyewe. Kutenganisha mninga na mkurungu kwa kichwa cha ubao peke yake ni kazi ya maabara. Tanzania wapo wataalamu wa TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, na wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wote Morogoro. Kenya wapo wa taasisi kama hiyo, KEFRI, huko Muguga. Anayeuza nje ya nchi asiione gharama hiyo kuwa kubwa. Tangu mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliofanyika Panama mwaka 2022, Pterocarpus, Afzelia na Khaya, ambao ndio ukoo wa mkangazi, zote za Afrika zimo kwenye Kiambatisho cha Pili, na mpingo ulitangulia pamoja na ukoo wake wote wa Dalbergia mwaka 2016. Kontena la mbao zilizoandikwa jina lisilo lao linaweza kuzuiwa bandarini.

Ukienda kununua, beba wembe na lenzi mfukoni. Vichwa vya mbao vikiwa vimepakwa rangi, omba ukate kidogo. Muuzaji akikataa, nunua kwa jirani yake.